Shangazi, wamemuuza straika wetu katikati ya ligi

Shikamoo Shangazi,

Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wakwe. Hii yangu ni ya mpira, lakini naomba uisome mpaka mwisho kwa sababu imeshaanza kuingia ndani ya ndoa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Morogoro, nina miaka arobaini na kidogo, na ni katibu wa tawi la klabu yetu hapa mtaani. Tawi letu si kubwa. Tuna kibao, bendera, viti vya plastiki na runinga tuliyoinunua kwa kuchangishana. Wanachama wengi ni bodaboda, mama lishe, walimu wawili watatu na vijana wa pale Msamvu. Sasa Januari hii, zimebaki siku chache dirisha dogo la usajili lifungwe, klabu imemuuza mshambuliaji wetu kwa timu moja ya Afrika Kaskazini. Sijui kama unafuatilia mpira, ila huyu ndiye aliyekuwa anaongoza kwa mabao ligi nzima. Tulikuwa kileleni. Ligi ya Mabingwa Afrika tumebakiza mechi mbili za makundi, moja nyumbani, na hiyo ya nyumbani tukishinda tunaingia robo fainali.

Kilichoniuma zaidi ni namna tulivyoambiwa. Mchana msemaji wa klabu alikuwa redioni anacheka, anasema hakuna mchezaji anayeondoka, hizo ni ndoto za watani. Usiku, saa nne na kitu, ikatoka picha ya mchezaji ametupa mgongo, chini wameandika asante kwa kila kitu, tunakutakia kila la heri. Basi. Hawakusema kauzwa bei gani, kwa sababu gani, wala nani anakuja. Nilikuwa ndiyo natoka kuoga. Nilikaa kitandani na taulo langu nikawa naifungua ile picha, naifunga, naifungua tena, mpaka mke wangu akaniambia nivae nguo nisije nikaugua.

Kesho yake tawini hapakukalika. Vijana wanataka tukusanye jezi zote zenye jina lake tuzichome mbele ya kibao cha tawi, wapige video. Wazee wanasema tususie, asiende mtu uwanjani mpaka viongozi wajiuzulu. Mweka hazina wetu, ambaye ni mwalimu, akasema biashara ni biashara na sisi kelele zetu ni za chura, ng'ombe atakunywa maji tu. Nusura apigwe na kiti.

Mimi nina tatizo kuliko wote kwa sababu daftari ninalo mimi. Tulishaanza kuchanga kwa ajili ya Coaster ya kwenda Dar kwenye ile mechi ya nyumbani, elfu ishirini na tano kwa kichwa, nauli pamoja na tiketi ya mzunguko. Waliomaliza nimewawekea alama ya vema kwa kalamu ya bluu, waliotoa nusu nimeandika kiasi kwa penseli pembeni ya jina. Sasa watu wanakuja karakana kwangu, mtu nimeshika mashine nachomelea, anasimama pembeni: "Katibu, nirudishie changu." Na mwenye Coaster nilishampa advansi, ameniambia wazi kwamba harudishi.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu anadai alipofariki baba yake sikukosa ugali hata siku moja, ila kwa "kijana wa watu aliyekwenda kutafuta maisha" nimelala na njaa. Mdogo wangu, ambaye yupo upande wa watani, kila akipiga simu anaanza na "poleni na msiba, mnazika lini?" Zamani ningemrudishia na tungecheka. Safari hii nilimkatia simu, hatujaongea mpaka leo, na mama ameshaanza kuuliza kulikoni.

Halafu mwanangu wa darasa la tatu. Ana jezi yenye jina la yule mchezaji, tuliipiga chapa kwa fundi wa pale sokoni wakati wa Krismasi, herufi hazijaanza hata kubanduka. Ameniuliza, "Baba, jina tunalifuta au atarudi?" Sikuwa na jibu.

Shangazi, niwarudishie hela? Nikubali jezi zichomwe? Na hii hasira naipeleka wapi?

Katibu wa Tawi, Morogoro

(Jina la klabu na la mchezaji nimeyaondoa mimi Shangazi, pamoja na maneno mawili ambayo hayakupaswa kuandikwa na kiongozi wa tawi.)

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nafuatilia. Nimekulia kwenye nyumba ambayo timu ikifungwa redio inazimwa na chakula kinaliwa kimya, kwa hiyo usione haya kuniandikia. Na mkeo mwambie shangazi hajacheka, au amecheka kidogo tu, pale kwenye taulo.

Umechanganya machungu mawili kwenye sufuria moja. Lipo la mchezaji kuuzwa, na lipo la ninyi kufichwa. Tawi zima linapigana juu ya hilo la kwanza, lakini ukisoma barua yako mwenyewe utaona umeandika "kilichoniuma zaidi ni namna tulivyoambiwa". Shika hapo hapo. Mchezaji kuuzwa ni kazi yake na ni kazi ya klabu. Mtu kusimama redioni mchana akacheka, na usiku mzigo ukawa umeshasafiri, hilo si la biashara, mwalimu wenu asiwadanganye.

Nianze na kuuza, maana hapo ndipo vijana wako wanapopotea. Wanadhani Januari ni mwezi wa usaliti. Zipo sababu za klabu kuuza Januari ambazo hata wewe ungekuwa mwenyekiti ungesaini huku unalia. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake kusaini na klabu nyingine bila klabu yake kuambulia kitu. Kama mkataba wa kijana wenu ulikuwa unaisha Juni, basi dirisha hili ndilo lilikuwa nafasi ya mwisho ya kupata chochote, na baada ya hapo mngebaki kumshangilia miezi mitano kisha mkampungia mkono bure. Halafu kuna mishahara. Mchezaji asipolipwa miezi miwili, kanuni zinampa haki ya kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na wasipomlipa anavunja mkataba kwa sababu halali. Klabu kadhaa za Ligi Kuu yetu zimeshafungiwa kusajili na FIFA kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha, kwa hiyo usidhani ni habari za mbali. Wakati mwingine mmoja anauzwa ili wengine walipwe.

Na hizo bei mnazotupiana vijiweni, punguzeni. Fedha ya uhamisho haiji yote. Asilimia 5 inakatwa kwenda kwenye timu zilizomlea mchezaji tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kuna wakala. Pengine klabu aliyotoka ilijiwekea asilimia yake akiuzwa tena. Na mara nyingi mnunuzi analipa kwa awamu. Mtu akisikia "bilioni" anaona gunia limemwagwa mezani Kariakoo, kumbe iliyoingia benki ni theluthi, na nyingine imeahidiwa.

Kuahidiwa nako kuna mambo yake. Muulize mzee yeyote wa Msimbazi, yaani wa Simba, habari za Januari 2013. Simba walikuwa mabingwa watetezi, wana Emmanuel Okwi wa miguu ya moto, yule aliyewatesa Yanga kwenye zile 5-0 za Mei 2012. Katikati ya msimu wakamuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Fedha haikuja. Mchezaji naye akagombana na Watunisia, mambo yakaishia mezani FIFA, kesi ikachukua miaka. Uwanjani wakatolewa mapema na Libolo ya Angola, ubingwa ukaenda Jangwani kwa Yanga, wao wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam. Na kama vile chumvi haijatosha kwenye kidonda, Desemba mwaka huohuo Okwi akasajiliwa Yanga. Ukimkuta Mwanasimba wa umri wako anayefoka akisikia neno "mauzo", mwelewe.

Wa Msimbazi msininunie, nakuja Jangwani. Katikati ya 2023 Yanga walimuuza Fiston Mayele kwenda Pyramids ya Misri. Huyo alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, wamefika fainali, na kwenye ligi alikuwa na 17. Watu walilia. Novemba 5 mwaka huohuo Yanga wakamfunga Simba 5-1. Stephane Aziz Ki akamaliza msimu na mabao 21, wakachukua ubingwa, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti. Mayele naye huko alikokwenda amebeba Ligi ya Mabingwa 2025, na kwenye fainali alifunga. Hakuna aliyekufa.

Lakini tuwe wakweli, na hapa nasimama upande wako: Mayele aliuzwa msimu umeisha. Kocha alikuwa na wiki za kukaa na timu mpya, kujaribu huyu na yule, kukosea kwenye mechi za kirafiki. Januari hakuna hiyo. Sokoni wanaobaki ni wale ambao klabu zao haziwataki au wana bei ya kukupasua kichwa, na anayekuja anaingizwa Jumamosi hajajua hata jina la beki wa kushoto. Januari 2024 Simba waliwaachia washambuliaji wawili kwa mpigo, Jean Baleke na Moses Phiri, wakawaleta Pa Omar Jobe na Freddy Michael. Waliziba nafasi kwa idadi. Msimu ukaisha wako wa tatu tena. Kwa hiyo mzee anayesema "straika hauzwi Januari" si mjinga, anaongea alichokiona. Kosa kubwa kwa macho yangu ni kumtoa mtu kabla hujampata wa kuingia, na kwenye barua yako sijaona dalili ya anayeingia.

Sasa hilo la kufichwa. Kuna kisa cha Uingereza nakipenda. Januari 1995 Newcastle walimuuza Andy Cole kwenda Manchester United kwa pauni milioni 6 na winga Keith Gillespie juu yake. Cole msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 41 kwenye mashindano yote. Mji ule ulichafuka. Mashabiki wakajikusanya nje ya St James' Park. Kocha wao Kevin Keegan alitoka, akasimama kwenye ngazi za uwanja, akaongea nao ana kwa ana: uamuzi ni wangu, nina sababu zangu, niaminini. Hawakukubali wote, na msimu ule walimaliza wa sita. Ila majira ya joto wakamleta Les Ferdinand, na msimu uliofuata waligombea ubingwa mpaka mwisho, wakawa wa pili. Watu wa kule wanakumbuka zile ngazi kuliko wanavyokumbuka bei.

Ninyi hamkupata mtu wa kusimama kwenye ngazi. Mmepewa picha ya mgongo. Mdaiwa wenu ni huyo aliyewaficha, si mchezaji.

Kwa hiyo tawi liandike barua. Nasema barua, yenye tarehe, mhuri wa tawi na sahihi za mwenyekiti, wewe na huyo mwalimu, nakala ibaki kwenye faili. Msiulize kauzwa bei gani, watawaambia ni siri ya mkataba na hapo wamemalizana nanyi. Ulizeni mkataba wake ulikuwa umebaki muda gani. Ulizeni fedha inakuja kwa mkupuo au kwa awamu. Ulizeni benchi la ufundi liliomba nani badala yake na lini, na kwa nini msemaji aliambiwa aseme alichosema mchana ule. Haya ni maswali ambayo kiongozi mwenye majibu anayajibu kwa ukurasa mmoja, na asiye na majibu mtamjua. Wapelekeeni na matawi jirani wasaini. Barua ya tawi moja la Morogoro inawekwa chini ya kikombe cha chai. Ya matawi ya mkoa mzima inasomwa kwenye kikao.

Na kadi zenu ziko hai? Uliza hilo kabla hamjaanza kudai watu wajiuzulu. Shabiki anapiga kelele, mwanachama aliyelipia ada ndiye anayeingia mkutano mkuu, anasomewa mapato na matumizi, ananyoosha mkono, anapiga kura. Serikali ilipoweka kanuni kwamba kwenye mfumo wa hisa wanachama wa klabu hizi wabaki na asilimia 51, haikuwa kwa ajili ya kupendezesha hotuba. Nimeona matawi yenye watu mia na kadi hai zikiwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hao wakisusa, hakuna anayejua kama wamesusa.

Kususia nitakuambia wazi: sikushauri. Kususia bila dai lililoandikwa ni kukaa nyumbani tu. Matawi mengi yakikubaliana, yakatoa dai moja na muda wa kujibiwa, na yakapuuzwa, hapo mnaweza kuongea lugha hiyo. Leo hii mkiacha kwenda, atakayeona viti vyenu vitupu ni yule kijana wa akiba atakayeanza mbele badala ya aliyeuzwa, naye hakumuuza mtu.

Tuje kwenye daftari, maana hapo ndipo unapoweza kuharibikiwa kweli. Timu inaweza kufungwa na ikainuka, lakini katibu akishaitwa mwizi wa michango mtaani haponi. Acha kujadili hela ya watu ukiwa umeshika mashine. Itisha kikao wiki hii, waliolipa wote wawepo, na mweka hazina asome jina kwa jina mbele yao: nani katoa ngapi, zimekwenda wapi, advansi ya gari ni kiasi gani, risiti hii hapa. Risiti huna? Nenda kamwambie mwenye Coaster akuandikie leo. Kisha kila mtu aseme anakwenda au hakwendi. Asiyekwenda ana haki ya kurudishiwa, ila ile sehemu yake ya advansi imeshaliwa na gari, isipokuwa akipatikana wa kukaa kwenye kiti chake, na mechi ya kuingia robo fainali viti havikosi watu, nenda kaulize tawi la jirani. Wakibaki wachache, mbane mwenye gari akupe dogo kwa hela ileile, Hiace zipo. Anayetaka chake kabla ya kikao mwambie kikao kipo siku fulani saa fulani, mwambie tena kwa upole, na usitoe senti mfukoni mwako kumnyamazisha. Ukimpa mmoja usiku karakana, kesho watakuja kumi, na hela ya mageti ya watu si ya tawi. Kama kuna hata mia uliyoiazima kutoka kwenye ule mchango, irudishe kabla ya kikao, sitaki kujua zaidi.

Jezi zisichomwe. Sababu ya kwanza ni ya kishamba: jezi ni ghali, na nyingi mmenunua wenyewe, kwa hiyo mnayemtia hasara ni bodaboda aliyeinunua. Ya pili, video. Mkishawasha moto mbele ya kibao cha tawi, barua yenu yenye mhuri haitasomwa na mtu. Gazeti litaandika wahuni wa Morogoro wachoma jezi, na viongozi watashukuru kwa kupewa kisingizio. Liverpool nao walizichoma za Fernando Torres, Januari 2011, alipokwenda Chelsea kwa pauni milioni 50 siku ya mwisho ya dirisha. Siku hiyohiyo waliyokuwa wanawasha viberiti, klabu ilikuwa imemsajili Luis Suárez, ambaye baadaye aliwafungia mabao mpaka wakakaribia ubingwa.

Na mchezaji muacheni. Mguu wake una miaka michache ya kulipwa, goti moja likienda hakuna tawi litakalomchangia matibabu, tuambiane ukweli. Ukisikia kijana wako yeyote anamfuata mkewe au mama yake kwenye simu kumtukana, mfute kwenye kundi la tawi papo hapo, usisubiri kikao.

Mkeo. Hapo nimemsikiliza yeye kuliko wewe. Hajasema uache mpira. Amesema alipofiwa ulikula, na kwa huyu hukula. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameliweka hilo la baba yake mahali, na wewe umelifungulia mlango. Mwombe radhi kwa la mkwe wako, peke yake, bila kutaja straika, bila "lakini". Kisha kula ugali.

Mdogo wako mpigie wewe. Watani wana haki ya kusema walichosema. Mngewanyang'anya wao mchezaji wa namna hiyo ungempigia simu usiku wa manane. Mwambie mazishi ni Jumamosi ya mechi na yeye ndiye atakayebeba jeneza, kisha muulize mama amekula nini leo. Utani ukirudi mama ataacha kuuliza.

Mtoto aliuliza swali zuri kuliko tawi lote, na jibu lake lipo kwenye historia. Clatous Chama aliondoka Simba Agosti 2021 kwenda Berkane ya Morocco, Januari 2022 akawa amesharudi. Okwi huyohuyo wa Tunisia, baada ya kupita na kwa watani, alirudi Msimbazi zaidi ya mara moja, na 2017–18 akawa mfungaji bora kwa mabao 20, Simba wakachukua ubingwa walioukosa kwa miaka. Kwa hiyo mwambie hujui kama atarudi, wengine hurudi, na jina halifutwi. Likifutwa kwa pasi ya moto litaharibu na kitambaa, fundi wako wa sokoni atakuambia hivyo hivyo. Akiwa bado anaipenda jezi, aivae shuleni siku ya michezo, na wenzake wakimcheka yupo wa kuwajibu mwenyewe, ni mtoto wa katibu.

Barua ya tawi mkishaituma, nitumie nakala. Na wakijibu, hata kwa mstari mmoja, niletee nao niuchapishe hapa, nafasi ninayo.

Shangazi yako